Msafara wa Bibi Harusi Wakosa Honi

"Shuka, mutoto wangu. Tunarudi nyumba."

Ndiyo, wasomaji wangu, tulimwacha Papa Anaclet hapo hapo, mlango wa gari wazi na kidole kikionyesha njia ya kurudi nyumbani kwao Panzi. Wiki nzima mmenisimamisha barabarani mkitaka kujua kama Elodie alishuka. Mama mmoja wa sokoni Kadutu ameninyima hata nyanya ya kuongeza mpaka nimwambie. Haya basi, mama, lete nyanya yako: alishuka.

Alishuka na shela lake, na shada lake la maua, na viatu vyeupe visivyojua mlima. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua kali. RAV4 ya bwana harusi, iliyofungwa riboni za waridi kuanzia boneti hadi mkiani, ilikuwa imezimika katikati ya kupanda, mbele kidogo ya mtaa wa Essence. Nyuma yake msafara mzima ulisimama ukipiga honi kwa nguvu zote, kwa kuwa waliokuwa nyuma walidhani bibi harusi amesimama apigwe picha.

Na Papa Anaclet alikuwa ameapa. Alimwapia Dany, huyo bwana harusi, siku ya mahari, mbele ya wakubwa wa familia zote mbili: gari lako hilo umelijaza mataa na makelele, na siku utakapolituma kumchukua binti yangu, likizimika njiani naye akiwa ndani, hata mara moja, namrudisha nyumbani. Watu walicheka sana siku ile. Papa Anaclet peke yake hakucheka.

"Papa, ngoja kwanza," Elodie alisema.

"Nimengoja. Imezimika. Si mumeona wote? Micheline, umeona?"

Tantine Micheline, dada yake Papa Anaclet na msimamizi wa bibi harusi, alikuwa bado ameketi ndani, mkoba magotini. "Mie naona gari inapumuzika," akajibu. "Kuzimika sikuona."

Kwenye usukani alikuwa Parfait, rafiki mkubwa wa Dany. Alikuwa anazungusha ufunguo huku akiwataja watakatifu wote anaowajua. Starta ilizunguka vizuri, krrr-krrr-krrr, lakini injini haikushika.

Elodie aliisikiliza hiyo krrr-krrr, na moyo wake, uliokuwa umeanguka mpaka miguuni, ukapanda tena. Hapa inabidi niwakumbushe wale waliofungia maandazi matoleo yaliyopita. Elodie si bibi harusi wa kuvaa glavu na kungoja. Tangu amalize shule anauza vipuri vya magari pamoja na baba yake, kwenye duka lao la Kadutu, na kila anachokijua kuhusu umeme wa gari amefundishwa na mzee huyu huyu anayemwambia ashuke. Anampenda baba yake. Na Dany, yule mwalimu wa biolojia kutoka Lwiro mwenye mikono isiyotulia, anampenda mpaka anasahau kula.

"Papa, sikia démarreur," alisema. "Inazunguka na nguvu. Batri iko?"

"Iko," Papa Anaclet akajibu kabla hajajizuia.

"Na alternateur?"

"Alternateur haiingie apo! Alternateur kazi yake ni kurudishia batri moto wakati moteri inatembea. Ikikufa, utaona kwanza taa zinafifia, na ile taa nyekundu ya batri inawaka mbele yako. Iliwaka?"

"Hapana."

"Basi angalia kama pompe ya essence..." Mzee akajishtukia. "Hapana! Usinifanyishe kazi. Tunarudi."

"Papa, uliapa kama gari itakufa. Hii haikukufa, imekosa kitu moja tu. Nipe wakati ya kumi moja ya rozari, Salamu Maria kumi tu. Tantine atasali. Akimaliza na moteri haijawaka, narudi na wewe, na sitalia."

Papa Anaclet akatazama huku na huku. Umati ulikuwa umeshajaa: wauza parachichi, waendesha pikipiki, wanafunzi, na mwanamume mmoja aliyetoka kinyozini na nusu ya kichwa. Umati ulikuwa umeshachagua upande.

"Mupe rozari, papa!" mwendesha pikipiki mmoja akapaza sauti. "Kumi moja haimalize siku!"

"Kumi moja," Papa Anaclet akasema. "Na asali kama mukristu, si kama mutu anatafuta usingizi."

Tantine Micheline akatoa rozari mkobani. Akaubusu msalaba. Kisha akaanza kufuta shanga moja moja kwa ncha ya kitenge chake, akizigeuza juani kama anayenunua.

"Micheline!"

"Nasafisha kwanza, kaka yangu. Bikira anapenda usafi."

Elodie hakungoja asikie zaidi. Viatu akavitupa kwenye kiti cha nyuma. Shada akampa mwendesha pikipiki. Gauni akalikunja likawa furushi kubwa kifuani.

"Parfait, toka apo. Na toa contact! Mutu haguse fusible na contact iko."

Parfait akazima swichi, akachomoa ufunguo, akaruka nje. Bibi harusi akajilaza kwenye kiti cha dereva, kichwa chini ya dashibodi, soksi nyeupe zikitazama mbingu ya Bukavu. Umati ukapiga mbinja. Papa Anaclet akafunika uso kwa kofia yake.

Sanduku la fyuzi, au fusible kama tunavyoziita mjini kwetu, lilikuwa mahali pake. Kifuniko kikatoka. Upande wa ndani wa kifuniko kuna mchoro unaoonyesha kila fyuzi inalinda nini, na pembeni kuna kibano kidogo cha plastiki cha kuzing'olea. Watu wengi hukitupa kifuniko hicho siku ya kwanza, kisha huishi wakipapasa.

Na wewe msomaji ambaye gari lako linakupeleka kazini kila siku na hujawahi kuinama hata mara moja kulitazama hapo, chukua hii bure. Nyekundu ni ya ampea kumi, bluu ni ya kumi na tano, manjano ni ya ishirini, kijani ni ya thelathini, na kahawia hafifu ni ya tano. Kwa wasioamini rangi, namba imeandikwa juu. Ndani mna kiwaya kilichopinda, na umeme ukizidi kiwaya hicho hukatika upesi ili nyaya za gari zisiungue. Ndiyo kazi yake yote.

"Salaaaamu," Tantine Micheline akaanza huko nje, "Maaaariiiia..."

"Micheline, kimbiza!"

"Napumua, kaka. Tuko ku mulima."

Katika gari la Dany, kila fyuzi ilikuwa na nukta ya zambarau. Hiyo ndiyo rangi ya kucha ya Elodie. Mwaka jana Dany alikuja dukani na sanduku hilo likiwa limejaa takataka: fyuzi za bandia, kipande cha waya, hata karatasi ya sigara. Elodie alizitoa zote, akaweka nzuri, na juu ya kila moja akatia nukta kwa brashi yake ya kucha ili fundi yeyote asije akaziiba na kuacha bandia. Ndivyo walivyopendana hawa wawili, kama mnakumbuka, vichwa viwili chini ya dashibodi moja.

Sasa akapitisha kidole. Zambarau, zambarau, zambarau. Halafu kidole kikaingia kwenye shimo.

"Papa! Fusible ya klaxon haiko!"

Papa Anaclet akakohoa. "Haiko namna gani?"

"Haiko. Haikuungua. Mutu ameitoa."

"Kumbe!" Parfait akaruka. "Njo maana tangu Panzi nagonga tu plastiki! Nilizania ni mukono yangu!"

Lilikuwa jambo zito, hilo, gari la harusi kukosa honi. Dany alikuwa amefunga honi ya lori la Fuso kwa ajili ya siku hii moja. Jumamosi mjini kwetu misafara miwili ya harusi ikikutana, wenye honi ndogo ndio wanaoonewa huruma, na Dany hakutaka mke wake aonewe huruma na mtu.

"Klaxon haizimishe moteri," Papa Anaclet akasema haraka, haraka mno. "Angalia ya pompe ya essence."

Elodie akaitazama hiyo fyuzi ya pampu ya mafuta. Mahali pa bluu palikaa kitu cha kahawia. Akakibana kwa kibano, akakivuta, akakitoa nje kwenye mwanga. Kiwaya kilikuwa kimekatika katikati. Juu palikuwa na namba tano, na hapakuwa na nukta.

"Ni ya cinq! Fasi ya quinze, mutu ameweka ya cinq!"

Hapo Papa Anaclet alisahau kiapo, akasahau kofia, akaingiza kichwa dirishani. "Leta nione." Akaiinua juani, akafumba jicho moja. "Ee. Pompe inakula zaidi ya cinq. Hii haikufe palepale. Inapata moto pole pole, pole pole, unatembea, unacheka, unasalimia batu, kiisha inakatika. Mutu mwenye aliiweka alitaka gari itoke nyumba muzuri na ikufe njiani."

Elodie alisikia baridi mgongoni, jua lote lile.

"Parfait, gari ililala wapi?"

"Kwa Dany. Asubui alinipa ufunguo yeye mwenyewe. Kiisha nikakuya kwenu, Papa akafungua akaangalia mafuta, na njo tukaondoka."

Elodie angependa kukaa na jibu hilo kidogo, lakini Tantine Micheline, ingawa alikuwa anavuta na kurefusha, alikuwa ameshazivuka shanga nyingi.

"Ile nimerudilia," Tantine alikuwa anamweleza kaka yake. "Sikuisali na moyo."

"Micheline, Mungu anakuona!"

"Njo maana namurudilia."

Ilihitajika fyuzi ya kumi na tano, papo hapo, mlimani. Yule mwendesha pikipiki mwenye shada akatoa pakiti ya sigara. "Maman, kuko hii karatasi ya kungaa. Unazungusha tu, inawashaka!"

"Hapana!" wakasema Elodie na Papa Anaclet kwa pamoja, wakatazamana, na mzee akawa wa kwanza kugeuza uso.

"Basi tuweke ile ya kijani, ya trente," Parfait akasema. "Iko na nguvu."

"Ukiweka ya trente, ni kweli, fusible haitaungua tena," Papa Anaclet akamjibu. "Itaungua gari."

Elodie alikuwa ameshazama tena chini. Fyuzi ya kumi na tano ilikuwepo, jirani kabisa: ile ya tundu la kuwashia sigara, ambalo Dany alilichomekea spika kubwa ya juu ya gari. Bila fyuzi hiyo, harusi ingekosa muziki. Pia alifikiria ya taa za breki, akaiacha, maana wanaoshuka milima ya Bukavu bila taa za breki huja kufika wamebebwa.

"Nakosesha spika," akasema. "Spika haipeleke mutu ku kanisa."

Akaing'oa. Akaitazama: bluu, nukta ya zambarau, kiwaya kizima. Akaisukuma mahali pa pampu mpaka ikagota.

"Parfait, washa!"

"...sasa na saa ya kufa kwetu," Tantine Micheline alikuwa amefika mwisho wa shanga ya mwisho, macho yamemtoka, pumzi zimemwisha, hana tena pa kukimbilia, "aaaaaaaaa..."

Krrr. Vruuum!

"...mina!" Tantine akapiga kelele, na mlima mzima ukapiga vigelegele. Yule mwenye nusu ya nywele akamkumbatia polisi. Mwendesha pikipiki akafurahi hata akaondoka na shada, ikabidi arudishwe.

Papa Anaclet akavaa kofia yake. Akatazama njia ya Panzi, akamtazama binti yake, shavu moja jeusi kwa vumbi la dashibodi.

"Rozari ni rozari," akasema, akaingia garini.

Mnadhani mambo yamekwisha? Ngojeni.

Wakati haya yote yakitokea mbele, habari zilikuwa zinateremka gari kwa gari kwenda nyuma. Gari la pili lilisikia Papa Anaclet amekasirika. La nne likasikia ameanguka. La mwisho likasikia makubwa zaidi, na mama mmoja humo akavua hereni zake akaanza kulia. Kwa hiyo msafara ulipoanza kutembea, hakuna aliyethubutu kugusa honi. Wakawasha taa za mbele, kwa heshima. Wakaenda taratibu.

Na gari la bibi harusi, lisilo na spika wala honi, likatangulia kimyakimya na maua yake.

Msomaji, wewe ni mtu wa hapa. Ukiona magari mengi, taa zimewashwa mchana, maua mbele, kimya kitupu, unafikiri nini?

Wanaume wakavua kofia. Wanawake wakaweka mabeseni chini, wakafanya ishara ya msalaba. Mzee mmoja akapiga magoti kwenye vumbi. Kule Nyawera, mahali ambapo mtu huweza kuzeeka akingoja kupita, polisi wa roulage, yule wa barabarani, akanyoosha mikono yote miwili, akasimamisha malori, mabasi madogo, pikipiki na hata gari la mkubwa mmoja, akapiga saluti.

"Mungu wangu," Parfait akanong'ona. "Sijapitaka Nyawera namna hii."

"Usicheke," Tantine Micheline akamwambia. "Kaa na sura ya huzuni. Tuko na retard, padri anatungoja."

Elodie alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, macho kafumba, kwa aibu. Muuza parachichi mmoja akainama dirishani ili atoe pole. Akaona gauni jeupe. Akaona shela. Akaona uso uliotulia.

"Yesu! Kumbe ni bibi arusi njo amekufa! Na wamemuketisha!"

Elodie akafumbua jicho moja, akampungia mkono.

Parachichi zilibingirika mpaka chini kabisa ya barabara, na wanasema mama yule mpaka leo haamini alichokiona. Ndani ya gari, Tantine aliuma kitenge asilipuke. Elodie alicheka mpaka machozi. Alipogeuka kwa baba yake acheke naye, akakuta mzee hacheki. Alikuwa ameshika kitu kidogo kwenye kiganja, anakitazama.

Kilikuwa chekundu. Kilikuwa na nukta ya zambarau.

"Papa," Elodie akasema polepole. "Iyo ni fusible ya klaxon."

"Njo yenyewe."

"Ni weye?"

"Ni mie. Asubui. Sikuangalia mafuta." Papa Anaclet akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Ile klaxon ya Fuso haiache mutu aseme. Nikajisemea, kutoka Panzi mpaka kanisani ni njia fupi, na kisha apo hatakuwa wangu. Nilitaka twende kimya. Nilikuwa na neno ya kukuambia."

"Neno gani, Papa?"

Mzee akafikiri. Gari likapita mbele ya watu wengine waliovua kofia.

"Nimesahau," akasema.

Elodie hakujua kama anacheka au analia, vyote vilimjia kwa pamoja, akamshika mkono. Mkono ule ndio uliomfundisha kufungua nguzo hasi ya betri kwanza na kuifunga mwisho, na kumwagia maji ya moto yale maunga meupe yanayoota kwenye nguzo.

"Tangu mama yako Françoise atutoke," Papa Anaclet akasema, "nyumba ni mie, weye, na redio. Na redio haijue kupima batri." Akapenga kamasi. "Lakini sikia. Ile ya pompe sikuigusa. Nilitoa moja tu. Naapa ku jina ya mama yako."

Elodie alimwamini. Na alipomwamini, ile baridi ya mlimani ikamrudia mgongoni, maana Parfait, mtu wa kutaka kuweka ya thelathini, hajui fyuzi, na aliyebaki kwenye orodha ya walioligusa gari hilo alikuwa mtu mmoja tu, na ndiye aliyekuwa anamngoja altareni.

Hakupata nafasi ya kulitafuna hilo. Mbele ya njia panda ya Feu Rouge walikutana na harusi nyingine.

Hiyo ilikuwa harusi kwelikweli. Muziki, maputo, vijana wamekaa madirishani, honi zimekolea. Ilipouona msafara wetu na taa zake na ukimya wake, honi zikanyamaza moja baada ya nyingine. Muziki ukazimwa. Wakasogea pembeni wapishe. Bibi harusi wao akatazama gari letu kwa huruma kubwa, akafanya ishara ya msalaba.

Papa Anaclet aliona huruma hiyo. Shingo yake ikavimba.

"Mutoto wangu anahurumiwa na nani?" akanguruma. "Parfait! Simamisha! Toa contact!"

Gari likasimama katikati ya njia panda. Mzee wa watu, suti yake ya pekee, akapanda juu ya magoti ya Parfait, akaingiza kichwa chini ya dashibodi, na kilichoonekana nje kilikuwa viatu tu. Tak! Fyuzi ikaingia mahali pake.

"Washa. Na piga!"

Parfait akapiga.

Ndugu zangu, honi ya Fuso haikuundwa kwa ajili ya RAV4. Njiwa waliondoka juu ya mabati yote ya karibu. Kofia ya polisi ikaruka. Waliokuwa wamepiga magoti wakajikuta wamesimama, na mama mmoja aliyekuwa na wimbo wa maombolezo kooni akapiga kelele, "Amefufuka!" Halafu gari la pili likajibu, na la tatu, na la mwisho, na yule mama aliyevua hereni akazivaa tena huku analia na kucheka, na ile harusi nyingine nayo ikafungulia kila ilichokuwa nacho. Papa Anaclet akashika honi mwenyewe. Hakuiachilia mpaka mlangoni mwa kanisa.

"Papa, inatosha," Elodie alimwambia, masikio yakilia.

"Bado," mzee akasema, na alikuwa anang'aa usoni.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Dany alisimama mbele katika suti ya buluu, shati limelowa jasho. Alipomwona Elodie anaingia na vumbi la dashibodi shavuni, aliweka mkono mdomoni, macho yakamjaa maji. Papa Anaclet akampeleka binti yake polepole, akauweka mkono wake juu ya mkono wa kijana, akausukuma kidogo ugote, kama anavyosukuma fyuzi. Kisha akarudi kwenye benchi la mbele.

Elodie alimtazama Dany machoni. Alitafuta uongo, hakuuona. Akajisemea, labda ni fundi fulani. Labda ni mzaha wa mtu.

Padri akamuuliza Dany kama anakubali kumpokea Elodie awe mke wake.

"Nakubali!" Dany alijibu kabla swali halijakwisha, na watu wakacheka. Jasho likamchuruzika. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kulia, akavuta leso ajifute.

Ting.

Kitu kidogo kilianguka kwenye sakafu ya marumaru. Kikaruka mara moja, kikateleza, kikasimama mbele ya kiatu cha Papa Anaclet.

Mzee akainama, akakiokota. Kilikuwa cha bluu. Namba kumi na tano. Nukta ya zambarau.

Waliokaa nyuma hawakuelewa kwa nini benchi la mbele limekufa ganzi. Tantine Micheline alielewa, akaishika rozari yake. Parfait alielewa, akatazama dari. Papa Anaclet alikitazama kile kitu, akamtazama Dany, na kiapo chote cha siku ya mahari kikampanda usoni. Sasa alikuwa na sababu. Angeweza kusimama, kumshika Elodie mkono, kutoka naye nje, na hakuna mtu Bukavu nzima angemlaumu. Angerudi na binti yake nyumbani, kwenye redio yao.

Akasimama kweli. Lakini hakumgusa mtu. Alimwonyesha Elodie kiganja kilichofunguliwa, aone mwenyewe, kisha akakifunga, akaketi.

"Elodie," padri akaendelea, maskini, hajui lolote, "na wewe, unakubali kumupokea Dany awe mume wako?"

Elodie akageuka kwa Dany. Dany hakuwa na sura ya mwongo aliyekamatwa. Alikuwa na sura ya mtu ambaye siri yake imetoka kabla ya saa yake, mkono mmoja umeenda wenyewe kwenye mfuko wa kushoto, na alikuwa anatikisa kichwa polepole, akimsihi kwa macho: bado, Elodie, bado.

"Padri, nitajibu," Elodie alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwa waliosimama nje. "Lakini mbele nijibu, Dany atuonyeshe kwanza yenye iko mu mufuko ingine."

Dany akaushika mfuko wake wa kushoto kwa mikono yote miwili.